Sam Mills na Kimo cha Lainbeka

Mwaka 1981 vilabu 28 vya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, vilikutana katika uteuzi wa kila mwaka wa wachezaji wapya, vikachagua kwa zamu katika raundi 12, na raundi ya mwisho ilipokwisha yalikuwa yametajwa majina 332. La pili kutajwa lilikuwa la Lawrence Taylor, lainbeka (mlinzi anayesimama nyuma ya safu ya kwanza ya ulinzi) kutoka Chuo Kikuu cha North Carolina, aliyechukuliwa na New York Giants. La 38 lilikuwa la Mike Singletary, naye lainbeka, aliyekwenda Chicago Bears. La 51 lilikuwa la Rickey Jackson, lainbeka pia, aliyekwenda New Orleans Saints. Wote watatu wamo leo katika Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huo, ulioko Canton katika jimbo la Ohio. Humo yumo pia lainbeka wa nne aliyemaliza chuo wakati huohuo, Sam Mills, ambaye jina lake halikusikika hata mara moja katika yale 332.

Sababu haikuwa fumbo. Mills alikuwa na urefu wa futi tano na inchi tisa, yaani takriban sentimita 175, na maskauti, yaani watafuta vipaji wa vilabu, wa wakati ule walitaka lainbeka mwenye futi sita na ushei. Tangu hapo habari zake zimekuwa zikisimuliwa kwa namna moja tu: mtu mfupi mwenye moyo mkubwa aliyewaumbua waliomdharau. Ni simulizi tamu, wala sina nia ya kumharibia mtu utamu wake, lakini nadhani ina kasoro. Inamsifu kwa kitu ambacho si kile kilichomfanya awe bora kuliko wenzake, kisha inakinyamazia kile kilichomfanya awe bora. Sifa hii ya moyo, kwa jinsi ninavyoiona, ni kosa lilelile la maskauti ambalo sasa limevishwa nguo za sikukuu.

Alizaliwa Juni 3, 1959, katika mji wa Neptune, jimbo la New Jersey, akakulia Long Branch, mji wa pwani ulio jirani. Shuleni alicheza futiboli na akacheza pia mieleka, jambo ambalo wasimulizi wengi hulitaja kwa kupita lakini mimi nitalirudia. Vyuo vikubwa havikumhitaji, naye akaenda Montclair State, chuo cha jimboni kwao kinachoshindana katika daraja la tatu la michezo ya vyuo, daraja ambalo halimlipii mwanamichezo ada kwa sababu ya kipaji chake. Huko alikaba na kuangusha wapinzani mara 501 katika muda wake wote chuoni, na mara 22 katika mechi moja, zote zikiwa rekodi za chuo hicho. Hesabu kama hiyo ingetosha kumfungulia mlango mtu mwenye sentimita 190. Kwa Mills ilizua swali jingine tu, la hao aliowaangusha walikuwa akina nani, na hivyo akafika mlangoni mwa ligi kuu akiwa na dosari mbili katika daftari la skauti: mfupi, na ametoka katika daraja la chini.

Cleveland Browns walimwita kambini mwaka 1981 bila kumteua, wakamtazama, wakamwacha kabla ya msimu kuanza. Mwaka uliofuata Toronto Argonauts wa ligi ya Kanada wakafanya vivyo hivyo. Akarudi New Jersey na kuwa mwalimu katika shule ya sekondari ya East Orange, akifundisha useremala na upigaji picha, huku akisaidia kuinoa timu ya shule. Sitaki kulazimisha mafumbo mahali ambapo pengine hayapo, lakini masomo hayo mawili hunifurahisha kila ninapoyafikiria: moja linamtaka mtu awe mtumwa wa kipimo, ubao ukipungua nusu inchi mlango haufungi, na jingine linamtaka ajue jambo litatokea wapi sekunde moja kabla halijatokea. Maskauti walikuwa wa somo la kwanza. Yeye alikuwa wa somo la pili.

Mlango uliofunguka ulikuwa wa ligi mpya, USFL, iliyoanza mwaka 1983 ikicheza majira ya machipuko ili isigongane na NFL. Aliyemtaja Mills kwa Carl Peterson, mkuu wa klabu ya Philadelphia Stars, alikuwa Sam Rutigliano, kocha wa Cleveland Browns, yuleyule ambaye timu yake ilikuwa imemkata. Naomba tusimame hapa kidogo, kwa sababu kisa chote kimejikunja katika jambo hili moja. Kocha aliyemkataa hakuwa haoni. Aliona vizuri kiasi cha kumpendekeza kwa mwenzake, lakini kwenye klabu yake mwenyewe alichokiona hakikuweza kushinda kile kilichoandikwa kwenye karatasi. Kwa hiyo tunaposema kwamba watu wa ligi kuu hawakukijua kipaji chake, tunasema uongo wa adabu. Walikijua. Walichokosa ni ujasiri wa kuamini macho yao dhidi ya rula.

Kocha wa Stars alikuwa Jim Mora, ambaye mwanzoni alimtilia shaka kama wengine. Shaka hiyo haikudumu. Stars walifika fainali katika misimu yote mitatu ya ligi ile, wakashindwa na Michigan Panthers mwaka 1983, kisha wakatwaa ubingwa mwaka 1984, na tena mwaka 1985 wakiwa wamekwisha hamia Baltimore. USFL ikafia mahakamani mwaka 1986: iliishtaki NFL kwa kuhodhi soko, ikashinda kesi, na baraza la mahakama likaipa fidia ya dola moja, ambayo kwa mujibu wa sheria iliongezwa mara tatu ikawa dola tatu. Wakati huo Mora alikuwa amekwisha ajiriwa na New Orleans Saints, na miongoni mwa watu aliowachukua alikuwamo Mills. Baadaye Mora alisema wazi kwamba katika wachezaji wote aliowahi kuwafundisha Mills ndiye bora kuliko wote, na Mora alifundisha watu wengi.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana hapo ndipo hoja yangu inaposimama au kuanguka. Kwa msomaji aliyelelewa na soka, lainbeka wa ndani ni ndugu wa kiungo mkabaji: anasimama nyuma ya safu ya kwanza ya ulinzi, anaona kila kitu kikija, na sauti yake ndiyo inayowapanga wengine. Katika mfumo waliocheza Saints, watu watatu wazito huinama mbele kabisa, na malainbeka wanne husimama nyuma yao. Wawili wa pembeni ndio humkimbilia kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi ya wapinzani, ili kumwangusha kabla hajarusha mpira, na wawili wa ndani, ambao mmoja wao alikuwa Mills, ndio huziba mianya anayotaka kupenya mkimbiaji. Mpira unapoanza kuchezwa, lainbeka wa ndani hautazami mpira. Anamtazama gadi, yule mtu mnene wa timu inayoshambulia anayesimama karibu na katikati ya safu. Gadi akisukuma mbele mwili ukiwa chini, ni mbio na zinakuja huku. Akiinua kifua na kurudi nyuma hatua moja, ni pasi. Akikata pembeni nyuma ya wenzake, mchezo wote unahamia upande mwingine, na lainbeka lazima ahame naye papo hapo, kabla mkimbiaji mwenyewe hajaonyesha njia. Yote hayo husomwa katika muda mfupi kuliko wa kupiga chafya. Anayekosea kwa hatua moja hukuta pengo limekwisha funguka na mtu amekwisha pita.

Mills alisoma vitu hivi mapema kuliko wengi wa enzi yake. Kusoma gadi ni maarifa, yanayopatikana kwa kukaa na filamu za mechi usiku baada ya usiku na kukariri jinsi kila timu inavyopenda kucheza ikiwa imebakiwa na yadi tatu, yadi saba au kumi za kuvuka ili iendelee kushika mpira. Mtu akisema alishinda kwa moyo, huwa anaziruka saa hizo zote za filamu kana kwamba hazikuwapo.

Baada ya kusoma kuna kugongana. Gadi mwenye kilo 130 anakuja, naye Mills, mwenye kilo kama 104, hana budi kumpokea na kujinasua ili amfikie mkimbiaji. Makocha wa mchezo huu wana kauli ya zamani kwamba aliye chini ndiye mshindi, na kauli hiyo ni fizikia tupu: mwenye nyonga za chini hupitisha mikono chini ya kwapa za mwenzake, humwinua kidogo tu, na mtu aliyeinuliwa hana tena mahali pa kukanyagia nguvu zake. Lainbeka mrefu hulazimika kukunja magoti kila mara ili afike huko chini, na ikifika robo ya nne mapaja yakiwa yanawaka moto hujikuta anasimama wima bila kujua, akasukumwa kama kabati. Mills hakuhitaji kushuka, kwa sababu tayari alikuwa huko. Tena alikuwa amejifunza mieleka tangu shuleni, na mieleka haifundishi kitu kingine zaidi ya hicho: nani yuko chini, mikono iko wapi, uzito wa mwenzako umeegemea mguu gani. Wenzake walimpa jina la utani la panya wa shambani, na bila shaka walikusudia udogo wake. Lakini panya wa shambani ni mnyama anayepita chini ya majani bila kuonekana, na mkimbiaji aliyejificha nyuma ya ukuta wa majitu mara nyingi alimwona Mills pale tu alipokuwa amekwisha kumbatiwa kiunoni.

Ninachosema ni kwamba ufupi wake haukuwa mzigo aliotua kwa nguvu za roho. Ndani ya kazi ile mahususi, katika mfumo ule mahususi, ulikuwa sehemu ya zana zake. Kipimo cha skauti kiliusoma kama upungufu kwa sababu kilikuwa kimetengenezwa kupima miili tu, bila kujali kazi ambazo miili hiyo ingepewa.

Haki inanitaka niwasikilize na wao. Kila mwaka maelfu ya vijana humaliza vyuo, na klabu haina muda wa kuchunguza filamu za kila mmoja. Lazima pawe na chujio la kwanza, na kimo ni chujio la bei rahisi ambalo kwa ujumla halidanganyi sana. Lainbeka mrefu huona juu ya mabega ya safu ya mbele, na akirudi nyuma kulinda pasi mikono yake huziba anga ambalo kwotabeki angelitumia. Wapo vijana wengi wafupi walioachwa wakati uleule, na wengi wao, tukubali, wasingefika popote. Kasoro iko mahali pengine. Skauti akimpendekeza kijana mfupi na kijana huyo akashindwa, kila mtu atakumbuka ni nani aliyempendekeza. Akimpendekeza mrefu na mrefu akashindwa, itasemwa kwamba alikuwa na kila kitu isipokuwa bahati. Na akimwacha mfupi ambaye angekuwa nyota, mara nyingi hakuna atakayejua kamwe. Hakuna skauti aliyepoteza kazi kwa ajili ya mtu ambaye hakumchukua. Kosa la aina moja lina adhabu na la aina nyingine halina, kwa hiyo hata watu wenye macho mazuri, kama tulivyoona kwa Browns, huishia kuegemea upande wa rula.

Alichofanya New Orleans kinafahamika. Saints walianza kucheza mwaka 1967, na kwa misimu 20 mfululizo hawakuwahi kumaliza hata mmoja wakiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo. Mwaka 1987, msimu wa pili wa Mora na Mills, walishinda mechi 12 na kupoteza 3. Safu yao ya malainbeka wanne, Rickey Jackson na Pat Swilling pembeni, Vaughan Johnson na Mills ndani, ilipewa jina la Dome Patrol kwa sababu ya kuba la uwanja wao wa Superdome, na wengi wanaoujua mchezo huu huiweka juu ya safu nyingine yoyote ya malainbeka iliyowahi kuvaa jezi moja. Mwaka 1991 na mwaka 1992 hakuna timu katika ligi nzima iliyoruhusu alama chache kuliko wao, na katika msimu wa 1992 wote wanne walichaguliwa kucheza Pro Bowl, mechi ya nyota wa ligi. Hata hivyo Saints wa Mora waliingia hatua ya mtoano mara nne na kutoka mara nne bila kushinda hata mechi moja, na jambo hilo liliipunguzia safu ile sifa ambazo ingestahili.

Ndani ya safu yenyewe sifa hazikugawanywa sawa. Ligi ilianza kuhesabu rasmi matukio ya kumwangusha kwotabeki mwaka 1982, na hiyo ndiyo hesabu iliyowajenga Jackson na Swilling. Kukaba na kuangusha mkimbiaji, kazi ya kila siku ya lainbeka wa ndani, hakukuwa na hesabu rasmi ya ligi kwa sehemu kubwa ya miaka ya Mills. Kila klabu ilijihesabia yenyewe, na kila klabu ilikuwa na ukarimu wake. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyekuwa akiziba pengo ili Swilling apate nafasi ya kukimbia hakuacha alama kwenye karatasi. Katika mechi 181 za NFL Mills aliwaangusha makwotabeki mara 20 na nusu na kunasa pasi 11, takwimu ambazo mtu akizisoma bila kujua kazi yake atazipita haraka. Kwa mara ya pili katika maisha yake, kilichopimika kilikuwa kidogo kuliko kilichokuwapo.

Mwaka 1995 alihamia Carolina Panthers, klabu iliyokuwa ikizaliwa mwaka huo, akiwa na umri ambao malainbeka wengi huwa wamekwisha anza kufundisha au kuuza magari. Uwanja wa Charlotte ulikuwa haujakamilika, na Panthers walichezea mechi zao za nyumbani za msimu wa kwanza katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Clemson, jimbo la South Carolina. Walipoteza mechi tano za kwanza. Ya sita, Oktoba 15, ilikuwa dhidi ya New York Jets, na kuelekea mapumziko kwotabeki wa Jets, Bubby Brister, aliyekuwa amebanwa, aliuchota mpira kwa mkono wa chini kumpelekea mkimbiaji wake katikati ya msongamano. Mills alikuwa pale. Aliunasa, akageuka, akakimbia yadi 36 hadi kwenye eneo la bao, mtu wa miaka 36 akikimbia kwa miguu mifupi huku vijana wakimfukuza. Panthers walishinda 26 kwa 15, ushindi wa kwanza katika historia yao.

Pasi ile fupi ya mkono wa chini ni mchezo wa kumtegeshea lainbeka mwenye papara: akimkimbilia kwotabeki tu, mpira unampita kiunoni. Mills hakuwa na papara. Ndicho ninachokiona kila nikiitazama picha hiyo, na ninashangaa jinsi watangazaji wanavyoirudia kama ushahidi wa moyo wake ilhali ni ushahidi wa kichwa chake.

Mwaka uliofuata Panthers walishinda mechi 12 kati ya 16, wakawatoa Dallas Cowboys waliokuwa mabingwa watetezi, wakasimamishwa na Green Bay Packers hatua moja kabla ya Super Bowl, fainali ya ligi. Mills, akiwa na miaka 37, alitajwa katika kikosi bora cha ligi nzima na akachaguliwa Pro Bowl kwa mara ya tano. Alistaafu baada ya msimu wa 1997, akiwa mchezaji pekee aliyeanza kila mechi katika misimu mitatu ya kwanza ya klabu. Panthers wakamjengea sanamu nje ya uwanja, wakamchukua kwenye benchi la makocha, na miongoni mwa malainbeka aliowanoa alikuwamo Dan Morgan, ambaye tangu mwaka 2024 ndiye meneja mkuu wa Panthers, yaani ndiye mwenye kalamu siku ya uteuzi.

Agosti 2003 aliambiwa ana saratani ya utumbo, na kwamba huenda amebakiwa na miezi michache. Mwezi huohuo mmoja wa malainbeka wake, Mark Fields, naye aligunduliwa kuwa na saratani ya tezi za limfu. Mills aliendelea kufundisha huku akitibiwa. Panthers wakaingia hatua ya mtoano, na kabla ya mechi ya Januari 3, 2004 dhidi ya Cowboys alisimama mbele ya wachezaji akawaambia kwamba alipopata habari za ugonjwa alikuwa na mambo mawili ya kuchagua, kukata tamaa au kuendelea kutwanga. Kwamba yeye ni mpiganaji, akaendelea kutwanga. Na kwamba wao pia ni wapiganaji. Walishinda 29 kwa 10. Wakashinda tena St. Louis na tena Philadelphia, wakafika Super Bowl mjini Houston, wakafungwa na New England Patriots 32 kwa 29 kwa mkwaju uliopigwa zikiwa zimebaki sekunde chache. Mills alifariki Aprili 18, 2005. Alikuwa na miaka 45.

Maneno yale, Keep Pounding, sasa yamedariziwa ndani ya ukosi wa kila jezi ya Panthers, na kabla ya kila mechi ya nyumbani mgeni maalumu huitwa kupiga ngoma kubwa yenye jina hilo. Nimeyatafsiri kwa kitenzi cha kutwanga kwa sababu ndicho kinachobeba pigo la kurudiarudia palepale, mchi ukipanda na kushuka, ingawa sisi tuna msemo wetu wa kutwanga maji kinuni unaotukumbusha kwamba kurudia pigo peke yake si hoja. Lazima kinuni mwe na kitu. Na hapo ndipo kauli hii, iliyosemwa kwa haki kabisa na mtu aliyekuwa akifa, inapotumiwa vibaya na wanaoirithi. Wengi wanaopiga makofi ngoma inapolia hawajawahi kumwona Mills akicheza. Wanachokijua ni mgonjwa jasiri, na ujasiri wa mgonjwa umepeperushwa kurudi nyuma hadi ukafunika misimu 12 ya NFL na mitatu ya USFL, ikawa kana kwamba alizuia wakimbiaji kwa kutokata tamaa. Wapo wachezaji wengi wasiokata tamaa ambao hawakumzuia mtu yeyote.

Ukumbi wa Mashujaa nao ulichelewa. Kwa kanuni zake mchezaji husubiri miaka mitano baada ya kustaafu, kisha jina lake huweza kupigiwa kura kwa miaka 20 kabla halijahamishiwa kwenye orodha ya wakongwe, ambako foleni ni ndefu. Jina la Mills lilianza kustahili mwaka 2003. Lilifika kwenye orodha ya mwisho kwa mara ya kwanza mwaka 2020, likarudi mwaka 2021, na likapita mwaka 2022, mwaka wake wa ishirini na wa mwisho. Singletary alikuwa ameingia mwaka 1998, Taylor mwaka 1999, Jackson mwaka 2010. Wapiga kura walikuwa na sababu zao, na baadhi zilikuwa za haki: alianza NFL akiwa na miaka 27, ligi yake ya kwanza haikupewa uzito mkubwa, na timu zake hazikutwaa Super Bowl. Lakini naamini sababu kubwa ni kwamba mtu aliyesimuliwa kwa miaka mingi kama mfano mwema huwa vigumu kumkumbuka kama bingwa wa kazi yake. Watu hulia wakisikia habari zake, kisha wakifika kwenye karatasi ya kura huandika jina la mwenye takwimu.

Inasemwa kwamba alifungua njia. Sina hakika njia ilifunguka sana. Zach Thomas, mwenye futi tano na inchi 11, alichukuliwa na Miami Dolphins katika raundi ya tano mwaka 1996, wakati Mills mwenyewe akiwa bado anatajwa miongoni mwa bora wa ligi; aliingia Canton mwaka 2023. London Fletcher, mwenye futi tano na inchi 10, hakuteuliwa na yeyote mwaka 1998, akacheza mechi 256 mfululizo bila kukosa hata moja. Kila mmoja alipofika alipokewa kama ajabu jipya, na kila mmoja akasifiwa moyo.

Mills aliingizwa Canton Agosti 6, 2022, mkewe Melanie akizungumza kwa niaba yake. Kama wenzake wote, amewekewa kichwa cha shaba kilichochongwa hadi mabegani na kuwekwa kwenye rafu ya ukutani pamoja na vile vya Taylor, Singletary na Jackson, na mgeni anayepita mbele yake hana namna ya kujua ni nani kati yao aliyekuwa mfupi.